Kanga ya Mke Wangu na Vilima Vitatu

Kwanza zimeni simu zenu. Sisemi kwa ubaya. Najua ndani yake mna ramani, mna dira, mna na bibi anayekwambia pinda kushoto. Lakini simu haina magoti, na kilima hupandwa kwa magoti. Zimeni, mkae, niwasimulie kazi niliyoifanya miaka thelathini na minne, kazi ambayo mpaka leo nikianza kuitaja mke wangu huondoka barazani, kwa sababu anajua nikianza simalizi.

Nilikuwa mfyeka njia. Mabwana na mabibi wa misitu wakitaka kufika juu ya kilima fulani hapa Pemba, kuhesabu miti au kuweka alama ya mpaka, mimi ndiye niliyetangulia na panga. Pasipo na njia, mimi naitoa. Nyinyi mnaoajiriwa sasa mna jina refu la cheo na mmepewa viatu. Mimi nilipewa panga na onyo.

Watu wa bara wakisikia habari za vilima vyetu hucheka. Kwao mlima mpaka uwe na barafu kichwani. Vya kwetu, wanasema, unafika juu kabla chai ya kwenye kikombe haijapoa. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajaingia. Na aingie mwisho wa masika, mvua inapoanza kukatika na kipupwe hakijashika, wakati kila mzizi umekunywa ukashiba na kila ubua unataka kuota pale pale ulipoweka mguu. Kilima chenye urefu wa minazi mitatu kinakula saa mbili za mtu mzima mwenye panga kali. Lakini huo ndio wakati niliokuwa nikiupenda kuliko yote! Mikarafuu ina majani machanga mekundu, udongo unanukia, ndege wanapiga kelele kama kuna mnada. Nikitazama kichaka kizito mbele yangu asubuhi ya namna hiyo, mikono huniwasha kabla upupu haujanigusa.

Kwa kuwa nimeutaja upupu, tuumalize. Ni ule mmea unaotambaa, ganda lake lina manyoya ya dhahabu mazuri sana, na uzuri wake ndio mtego. Ukikugusa usijikune. Narudia, usijikune. Chukua udongo mkavu au jivu, sugua taratibu kuelekea upande mmoja, na uvumilie. Nilikuwa na bwana mkubwa mmoja aliyetoka Unguja na shati jeupe, nikamwambia asijikune, akasema yeye amesoma. Tulimteremsha kilimani amevaa shuka yangu ya kuswalia.

Sasa panga. Kijana akipewa panga hudhani kazi yake ni kukata. Kazi ya panga ni kusogeza. Kamba nyingi za msituni ukizikunja na kuzipitisha nyuma ya shina zinakaa, wala huhitaji kuzikata. Ukilazimika kukata, kata chini kabisa na kata bapa. Ukikata kwa mshazari umeacha mkuki, na mkuki huo utamchoma anayekuja nyuma yako, au utakuchoma mwenyewe wakati wa kushuka, umechoka na huangalii. Na pale penye tundu la chini lililotobolewa na mnyama paa, nawe pita hapo hapo kwa tumbo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimewaona maofisa wenye vyeti vinene wakisimama wima mbele ya kichaka kama wanangojea kifunguliwe mlango.

Hayo yote alinifunza Mzee Hamad, mtu wa Wawi, mfupi, mkavu, hasemi maneno mawili pakitosha moja. Kila siku ya kazi alitia ndimu moja mfukoni. Mwezi wangu wa kwanza nilidhani ni ya kiu. Siku moja tumehangaika asubuhi nzima, tukafika mahali pa tambarare penye miti mirefu, nikarusha panga chini nikapiga kelele, "Tumefika juu!" Mzee Hamad alifagia majani kwa mguu, akaitoa ndimu, akaiweka chini. Ndimu ikafikiri kidogo, kisha ikabingirika mpaka kwenye kidole changu cha mguu.

"Kombo," akasema, "umemshika mtu bega, wasema umemshika kichwa."

Kumbuka hilo. Vilima vyetu ni msitu mpaka utosini, huoni mbele hatua kumi, na kila kilima kina mabega mawili matatu ya kukudanganya. Kilele chenye miti hakionekani kwa macho. Unakijua kwa nyayo, pale ambapo kila upande unaoelekea unashuka. Ndimu ilipotulia, Mzee Hamad aliikata vipande viwili, akanipa kimoja na chumvi.

Jambo la pili aliniachia nilijifunze mwenyewe, na nilijifunza kwa aibu. Kupanda hakuna upotevu mkubwa. Migongo yote ya kilima inakwenda kukutana juu, ukishika wowote utafika. Lakini kushuka, mgongo mmoja huzaa miwili, na miwili huzaa minne, nawe ukijipindua kwa hatua tano tu pale juu, chini utatokea kijiji kingine. Siku moja niliwaongoza watu wanne kwa kujiamini kabisa, nikatokea nao nyuma ya nyumba ya harusi. Fikirieni: wanaume watano, matope mpaka kiunoni, mapanga mkononi, tunachomoza kwenye majani mbele ya wanawake wanaopika pilau. Vile vigelegele vilivyogeuka mayowe sitavisahau. Bwana harusi mwenyewe alikuja kutupokea na mwiko. Tulipoeleweka tulikalishwa, tukala pilau mpaka tukashindwa kuinuka. Kupotea njia ndiko kujua njia, na siku ile tulijua na kijiji.

Tangu hapo, kila baada ya hatua ishirini nageuka kutazama nilikotoka. Njia ya kurudi si ile uliyojia, ina sura nyingine kabisa, na usipoiangalia mapema haikujui.

Basi, sasa niwape ile niliyowaitia.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Nyuma ya Gando, kijijini kwetu, viko vilima vitatu vyenye msitu, vimekaa pamoja kama mafiga. Havina majina makubwa. Tunaviita cha Kwanza, cha Pili na cha Nyuma. Chini yake inatoka chemchemi inayolisha bonde letu la mpunga na kisima cha kijiji. Akatokea mtu mmoja wa mjini, ana katapila, ameomba achimbe kifusi pale. Karatasi zake zimekwisha kufika. Kijiji nacho kikaandika ombi lake, kwamba vilima vile viandikwe msitu wa kijiji visiguswe. Kikao cha kuamua kilipangwa Alhamisi asubuhi, Wete.

Siku moja kabla, Jumatano, akaja Bi Salma. Huyu alikuwa afisa kijana, mwembamba, mtu wa Unguja, mwenye viatu vizuri na mashine ya setilaiti iliyoning'inia shingoni. Alikuwa aje wiki mbili nyuma, mvua ikamzuia. Alinieleza jambo kwa ufupi nikalielewa kwa ufupi.

"Mzee Kombo, nataka nukta tatu. Juu kabisa ya kila kilima, nukta moja. Ikikosekana moja, mpaka haufungi. Usipofunga, ombi la kijiji halisomwi, linasomwa la yule mwenye katapila."

"Na lazima leo?"

"Leo. Kabla ofisi haijafungwa."

Nilifurahi nusura nicheke. Vilima vitatu, siku moja, mwisho wa masika! Na juu ya hayo nilijiona mjanja, maana wiki mbili kabla yake nilikwisha kuipasua njia yote peke yangu na kuitia alama. Hapo ndipo lilipo kosa langu.

Mzee Hamad alinifunza kutia alama kwa kuvunja kijiti na kugeuza jani, upande mweupe juu. Alama hiyo anaiona mwenye kazi tu. Lakini macho yangu yalikuwa yameanza kuzeeka, na Bi Salma kwenye simu alikuwa amesema, "Weka kitu kinachoonekana, Mzee." Nikachukua kanga moja kuukuu ya mke wangu, nyekundu yenye vidoto vyeupe, nikaichana vitambaa, nikawa nafunga kimoja kwenye mti kila baada ya mwendo kidogo, mpaka kilima cha Nyuma. Mwenyewe, Bi Time, alipoiulizia nikamwambia kanga imekwenda kazini. Hakucheka.

Nyinyi ni watoto wa hapa, mshajua nilichokifanya. Kitambaa chekundu kimefungwa mtini, katikati ya msitu, hakuna anayejua nani kakifunga! Kwa mtu wa Unguja hiyo ni alama ya njia. Kwa mtu wa Pemba huo ni mzimu, mahali pa kuombea na kuweka nadhiri. Na mimi ni mtu wa Pemba, nimezaliwa Gando, bibi yangu alikuwa akifunga vitambaa kama hivyo na kuniambia nisipite na viatu. Halikunijia kichwani hata kidogo. Kazi hukupofusha hivyo, unakiona unachokitafuta tu.

Jumatano tuliingia jua linachomoza. Cha Kwanza tulikipanda mbio mbio. Vitambaa vyangu vilituita kimoja baada ya kingine, majani yanatutia maji ya umande mpaka ndani ya nguo, Bi Salma anapita chini ya kamba kama aliyezaliwa humo. Juu kulikuwa na mti mkubwa ulioanguka ukaacha mwanya wa mbingu, mashine ikasoma mara moja. Nukta ya kwanza! Tukapeana mikono. Cha Pili vile vile, saa nne haijafika tuko juu, tumekula mkate wa mofa na tende, nukta ya pili imo. Nikasema moyoni, Kombo, unastaafu kama mfalme.

Tukashuka kwenda cha Nyuma. Baina ya kile cha Pili na cha Nyuma pana bonde dogo lenye kiza cha miti, na wanawake hupita karibu yake wakiokota kuni. Nikakiona kitambaa changu. Mbele yake cha pili. Mbele yake kimoja cheupe.

"Mzee," Bi Salma akauliza, "ulikuwa na kanga ngapi?"

Mbele kulikuwa na cha buluu chenye maua, na kulia cheusi, na kushoto viwili vya kijani vimefungwa pamoja. Nikajiambia labda mvua imechujua rangi. Wallahi nilijiambia hivyo, mtu mzima. Tukavifuata. Tukapanda kidogo, tukashuka, tukazunguka, mikwamba inatuchana mikono, tukatokea kwenye mti mmoja mkubwa wa mtondoo uliovalishwa vitambaa kama bibi harusi. Chini yake chetezo, chupa ya marashi, mayai matatu, na halua ya Wete kwenye jani la mgomba, siafu wako mezani. Tukaondoka pale haraka, tukafuata vitambaa vingine upande wa pili, tukatoka jasho saa nzima na nusu, na tukarudi kwenye mtondoo ule ule.

Sasa hapo ndipo nilipoogopa. Sikuuogopa mzimu. Niliogopa saa. Adhuhuri ilikwisha kupita, kilima cha tatu kiko mahali fulani juu yetu wala hakionekani, njia yangu imepotea kati ya vijia vya waliokuja kufunga vitambaa, na mimi, Kombo mfyeka njia, sijui nishike mgongo upi. Nikatazama bondeni nikaliona kimawazo katapila linashuka mle kwa sababu ya ujanja wangu.

"Msikanyage hapo na viatu!"

Alikuwa Bi Riziki, mama wa makamo yangu, jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisimama nyuma ya shina na kitambaa cheupe mkononi.

"Assalaamu alaykum, Bi Riziki," nikasema huku navua viatu. Bi Salma naye akavua, hajui kwa nini.

"Waalaykumu salaam. Kombo, nawe umekuja? Watu wote washakuja. Wasema kuna mzee kaota mahali hapano, kaamka kaja kufunga kitambaa chekundu, na tangu siku hiyo kila mwenye shida yuaja. Mie mwanangu Mwanaidi yuko Wete, siku zake zishatimia, mimba mbili zilizopita zote ziliharibika. N'shaswali, n'shafunga, daktari keshamwona. Nikasema na kuno nifike."

Mimi nikawa natazama miguu yangu. Naweza kuwaambia kwamba nilikuwa na njia ya kunyamaza. Ningesema, "Allah atajaalia," tukapita zetu. Lakini mama yule alikuwa ametembea na magoti yake yale mabovu, na tegemeo lake amelifunga kwenye kitambaa cha uwongo, uwongo wangu. Nilisikia haya mpaka masikio yakawaka. Waliosema mficha uchi hazai walinilenga mimi.

"Bi Riziki," nikasema, "hakuna aliyeota. Ni mie. Hino nyekundu ni kanga ya Bi Time. Nilitia alama ya njia."

Akakiangalia kitambaa chekundu, akanyoosha mkono akavishika vile vidoto. Nikasubiri matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Kumbe mabega yake yalianza kutikisika. Alicheka mama yule! Alicheka mpaka akakaa chini karibu na halua.

"Ndiyo maana!" akasema. "Siku zote nasema, vino vidoto navijua! Nilikuwa na Time siku aliyoinunua!" Kisha akafuta macho, uso ukatulia. "Basi Kombo, nisikize. Mie najua asikiaye ni Mungu. Kitambaa kilikuwa cha kunituliza mikono. Mwanao yuko kule, wewe uko kuno, mikono waipeleka wapi?"

Bi Salma ndiye aliyepiga magoti mbele yake. Akamweleza habari ya nukta, na kikao, na katapila. Bi Riziki alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akakiweka kitambaa chake cheupe begani, akajifunga kanga kiunoni mara mbili.

"Kilima cha Nyuma?" akaniuliza. "Na weye mwaka wa ngapi unalipwa kwa kazi hino? Umewapitisha bondeni kama ng'ombe. Nyuma ya mtondoo pana mgongo, mie nikipanda nikiwa msichana kutafuta mabungo. Mikono yangu haina kazi leo. Nipe panga."

Sikumpa panga, nina heshima yangu iliyobaki. Lakini alitangulia yeye, na ndara miguuni. Na mgongo ulikuwepo! Mwembamba, umejificha nyuma ya ukuta wa kamba, lakini ukiukanyaga tu unausikia unavyokubeba. Bi Riziki anaonyesha kwa kidole, mimi nasogeza na kukata, Bi Salma anahesabu dakika. Tulikwenda kwa tumbo, kwa magoti, kwa kucha. Magugu yananipiga usoni na mimi nacheka peke yangu. Nilikuwa na miaka karibu sitini na nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Hatimaye kila upande ukawa unashuka.

"Juu," nikasema kwa sauti ndogo, nikihofia nisije nikawa nimeshika bega.

"Juu," akasema Bi Riziki.

Bi Salma akainua mashine. Akaizungusha, akaitikisa, akauma mdomo. Miti ilikuwa imeshonana juu yetu kama paa la makuti mapya, hakuna mwanya. "Haishiki, Mzee. Inasema tuko hapa, mara inasema tuko baharini. Inahitaji mbingu."

Tukatazamana. Pale juu palikuwa na mzambarau mmoja mrefu uliopita wenzake wote. Bi Riziki akanitazama mimi, akautazama mti.

"Magoti yangu yaishia hapa," akasema. "Bi Salma ni mgeni wetu. Amebaki nani?"

Mtoto wa Pemba hasahau kupanda, mikono hujifunza kwenye mikarafuu kabla haijajifunza kuandika. Niliingiza mashine ndani ya shati, nikavua viatu kwa mara ya pili siku hiyo, nikakwea. Tawi la kwanza lilinilalamikia. La pili nikalilalamikia mimi. Juu zaidi mti ukaanza kuyumba na mimi nikaacha kutazama chini. Nikapenya kwenye majani ya mwisho, kichwa kikatoka nje, nikanyoosha mkono na mashine juu kabisa.

"Inashika!" Bi Salma alipiga kelele huko chini, maana aliisikia ikilia. "Soma nambari ya mita za kosa, Mzee! Ikifika tatu bonyeza! Usitikisike!"

"Kumi na moja!" nikasema. Na hapo ndipo nilipoona kwamba majani yaliyo mbele ya pua yangu yameshonwa pamoja. Majimoto. Wale chungu wekundu, na mimi nimeegemea nyumba yao.

"Tisa!" Wameingia kwenye mkono wa shati. "Saba!" Wamefika shingoni. "Saba bado!"

"Usitikisike!"

"Bi Salma, wananila!"

"Kombo, omba dua!" Bi Riziki akaita.

"Nikianza wananisahaulisha! Tano! Nne... imerudi tano!" Wakati huo walikuwa sehemu ambazo siwezi kuwatajia watoto wa watu. Nikafunga meno. Nikafikiria kisima cha kijiji, nikafikiria katapila, nikafikiria Mzee Hamad atakavyonicheka huko aliko. "Nne! Nne! Tatu!"

Nikabonyeza. Mashine ikalia kidogo. Huko chini wanawake wawili wakapiga vigelegele ambavyo, safari hii, havikugeuka mayowe.

Nukta tatu zilifika Wete ofisi bado i wazi, na asubuhi yake kikao kilisoma ombi la kijiji, kikalikubali. Vilima vile leo vimeandikwa, na katapila limekwenda kutafuta kifusi kwingine. Mwanaidi alijifungua salama mtoto wa kike. Kama mnataka kujua ilikuwa daktari au dua au kitambaa, nendeni mkamuulize bibi yake, mimi simo.

Lakini nirudi mtini, maana nilikuwa bado nipo juu.

Baada ya kubonyeza niliinua macho, na nikaona. Mnanielewa? Miaka thelathini na minne nimepanda vilima vya kisiwa hiki, sijui mara ngapi, na sikuwahi kuona kitu kutoka juu ya kilima hata kimoja. Juu kwetu ni miti. Unafika, unatia alama, unashuka. Nilikuwa sijui kwamba sijui. Sasa mbele yangu kulikuwa na Gando yote, na bahari na visiwa vyake vidogo, na vile vilima viwili vya asubuhi vimekaa karibu hivi naweza kuvipapasa. Nikaliona bati la nyumba yangu, ule upande ulioliwa na kutu ambao Bi Time hunisemea kila siku. Na kutoka chini ya miguu yangu, kwenye mizizi ya msitu ule ule, ulitoka mstari wa kijani, kijani kibichi kuliko kijani kingine chote, ukapita katikati ya bonde la mpunga, ukapinda kwenye minazi, ukaenda kuishia kisimani, mahali ambapo watu wadogo wadogo walikuwa wanachota maji. Nilikuwa nimeyanywa maji yale maisha yangu yote. Nilianza kulia kwa sauti.

"Mzee Kombo!" Bi Salma aliita. "Imekwisha! Shuka, majimoto watakumaliza!"

Walikuwa wananiuma, sikatai. Machozi sikuweza hata kuyafuta, mkono mmoja una mashine na wa pili umeshika tawi.

"Niache kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Ndiyo kwanza nimefika."